Goti Langu Msilishike

Bwana asifiwe. Mlioketi mbele, samahani: nikifika kwenye mafuta ya nguruwe, zibeni pua.

Mimi ndiye yule kipa wa shule aliyedaka mpira kule Kyimo, goti likaenda kwake nami kwangu. Hospitali wakanipasua, wakaniwekea kano mpya ndani ya goti. Wakasema nisiguswe na mtu yeyote asiye mtaalamu wa mazoezi.

Ndugu zangu, nawaambia, nyumbani kuna wataalamu! Kuna mmoja, simtaji, ila ni kaka yake mama. Akaliona goti limekaza.

"Mpwa wangu, wale hawajui kukanda."

Akapasha mafuta ya nguruwe ya tangu Krismasi. Yana manyoya! Yananuka kama soksi iliyofia ndani ya kiatu. Akanipaka, akanikalia paja, akavuta mguu. Ndani likalia kwaa!

"Umesikia? Dawa imeingia!"

Kumbe kano imetoka. Tangu siku hiyo kila nikishuka mteremko wa kwenda shule, goti linachomoka, nashuka kwa makalio kama mtoto. Na mimi, mchafu kuliko yale mafuta, nikasema daktari ndiye kaharibu. Mkamsema humu humu kanisani, nikaitikia amina. 

Nikapelekwa hospitali kubwa, mbali. Daktari wa huko, mama mmoja, akanieleza: "Nitafunga vijipira vinavyong'aa kwenye mifupa yako. Kamera itaviona, kompyuta itanionyesha pa kutoboa tundu jipya la kupitishia kano, bila kuangukia la zamani."

"Kwa hiyo itaona kila kitu?"

"Itaona mfupa. Mambo ya nyumbani haiyaoni. Nani alilishika goti hili? Maana kano ikikatika tena, sijui nitatoboa wapi."

Nikaona mteremko ule, na mimi nashuka kwa makalio mpaka uzee. Nikamwaga yote: mafuta, kwaa, na daktari niliyemsingizia.

Akasema, "Haya. Sasa naweza kukupasua."

Leo nimeshuka mteremko kwa miguu yangu miwili. Asante mama yangu uliyeniuguza, asante daktari, asante dada wa mazoezi uliyenitesa kwa upendo. Yule daktari wa kwanza nimemfuata, nimemwomba radhi. Nanyi ifuteni ile amina yangu. Ukiumwa, mweleze daktari na yale yanayonuka.

Sasa mnaotaka kuniombea, karibuni, mikono iishie kichwani. Na wewe wa benchi la tatu, sikutaji, hiyo chupa ya mafuta iache chini.