Chungu Kilichobaki Dirishani

Ndugu, jamaa na majirani, tunamshukuru Mungu aliyetuazima dada yetu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Vyungu.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1954, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha matofali. Tulizaliwa wasichana wawili, yeye akiwa wa kwanza. Alisoma hadi darasa la saba, kisha mama akaugua, naye akabaki nyumbani kumuuguza. Kushona alijifunza kwa jirani.

Mwaka 1975 aliajiriwa hospitalini, chumba cha kushonea mashuka. Huko ndiko alikoukuta ule mmea mdogo wa kutambaa, aivi, wenye majani kama ukucha wa mtoto. Ulikuwa ofisini kwa mkuu wa wauguzi, umeoza mizizi, maana kila aliyepita aliumwagia maji. Alipoambiwa autupe, alikata kitawi kilichokuwa bado kizima, akakitia kwenye glasi ya maji mpaka kikaota mizizi. Vyungu vyake vyote ni uzao wa kitawi hicho.

Mwaka 1979 aliolewa na fundi saa, mtu mpole asiye na maneno mengi. Mungu aliwajalia mtoto mmoja wa kiume. Mumewe alitangulia mwaka 1991, na mwaka 2002 mwanawe akapata kazi nchi ya mbali.

Kila mwana alipopiga simu kwamba anakuja likizo, dada alimwandalia chungu cha kuondoka nacho. Alinyofoa ncha ili mmea ujae, akakigeuza dirishani kila asubuhi usiegemee upande mmoja. Lakini kazi ni kazi, na mara nyingi likizo ilifutwa. Basi chungu alipewa jirani. Ndiyo maana mtaa wetu una aivi karibu kila dirisha.

Fundi viatu wa mlango wa pili alizoea kumtania, “Mama Vyungu, huyo akikwama tena, zamu hii ni yangu.”

“Kaa na tamaa zako,” alimjibu. “Safari hii anakuja.”

Wakacheka wote. Lakini siku likizo ilipofutwa, dada alifunga mlango mapema.

Moyo ulianza kumsumbua Agosti 2022. Alipolazwa, aliniuliza mimi mdogo wake, “Umekigeuza chungu?”

Nikamwambia, “Fundi viatu ndiye anayekigeuza, dada.”

“Mwangalie sana huyo. Ataondoka nacho.”

Akatabasamu, akageukia ukutani. Alituaga alfajiri ya tarehe 14 Machi 2023.

Ameacha mwana mmoja, aliyefika jana jioni, mkwe, mjukuu wa kike aliyemjua kwa picha, na mimi.

Mwanangu, chungu chako kiko dirishani, na fundi hakukichukua. Usikimwagie maji kila siku. Gusa udongo kwanza.

Mungu amlaze dada yetu penye mwanga usiochoma, na amani isimwondokee tena.