Windows ya Mama Mkwe

Katika basi la umeme mjini Ruse, Milkana alikuwa akienda kazini, masikio yote yakiwa kwenye kiti cha mbele. Hapo kijana aliyepakata kompyuta alikuwa akimlalamikia mama mmoja aliyekutana naye humo humo.

"Nimeigawa sehemu mbili, mama, kila moja na mfumo wake. Ukiiwasha inauliza: Windows au Linux? Windows ya mama mkwe, Linux yangu. Ukichelewa kujibu, inafungua Linux."

"Kwa nini ianze yako?"

"Mimi ndiye niliyeipanga."

"Na nyumba ya nani?"

Kijana akakohoa. "Yake."

Milkana akaona kesi imekwisha, lakini kijana akaendelea. "Jana aliiwasha, akaenda kutazama kahawa jikoni. Kurudi, akakuta Linux. Anasema nimemfutia picha za mjukuu. Sasa hanisemeshi, na mke wangu naye hanisemeshi."

"Umezifuta?"

"Sijazigusa. Zimo humu humu, upande wake."

"Na unaipeleka wapi?"

"Kwetu, kwa mama yangu, mpaka mkwe atulie."

"Pamoja na picha?"

Kijana aliitazama kompyuta. Basi likasimama kwenye kituo cha kwao, milango ikafunguka, naye hakuinuka.