Kesi Namba Nne Bado Inapika

Mgeni rasmi, Dokta Josephat Lubango, Mkuu wa Chuo cha Mikakati na Usanifu Majengo cha Nyabugoye. Walimu na wanafunzi mlioongozana naye. Mwenyekiti wetu wa kitongoji. Majirani wa Kigongo nanyi mliovuka kutoka Busisi: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Naitwa Perez Awuor, katibu. Maneno haya si yangu peke yangu, ni ya wapishi kumi na tisa. Wenzangu wamekaa mstari wa mbele kuhakikisha siruki kitu.

MAKARIBISHO

Karibu sana, mgeni rasmi. Tunajua hii ni mara yako ya kwanza kufika, ingawa chuo chako kimefundisha habari zetu kwa miaka mitatu bila sisi kuwepo darasani. Tunajua pia umekuja kuweka jiwe la msingi la Darasa la Kesi. Tumeelezwa kuwa ndani yake kutajengwa banda linalofanana kabisa na letu, ili wanafunzi waone jinsi watu kama sisi walivyokuwa wakiuza chakula.

Jiwe lenyewe tumeliona. Limefunikwa kitambaa cha bluu, hatua mbili kutoka kwenye mafiga ya mwenyekiti wa kikundi chetu, Mama Getruda Shimba. Asubuhi tumelipangusa vumbi. Mgeni ni mgeni, hata akiwa jiwe.

HISTORIA

Kikundi chetu kilianzia kule kivukoni, enzi magari yakisubiri pantoni. Mtu anayesubiri hula, na mtu anayesubiri sana hula mara mbili. Hatukuwa na mkakati. Tulikuwa na foleni, na ilitutosha.

Ndipo mwalimu wako, Bwana Alexander, alipofika na wanafunzi wa biashara na wa usanifu. Alitutazama kwa furaha kubwa akasema, "Akina mama, kuanzia leo ninyi ni kesi yetu namba nne."

Mgeni rasmi, siku ile hakuna mpishi aliyekula. Sisi kesi tunayoijua ni ya mahakamani. Tukaulizana nani kamwibia nani, nani kampa nani samaki aliyechacha, na hizo tatu za mwanzo ziliishia wapi. Makamu mwenyekiti, Baba Oluoch, akatoa koti lake la harusi sandukuni, akapanda gari mpaka mahakamani. Karani akapekua daftari lote, kisha akamwambia, "Mzee, ninyi hamna kesi."

Baba Oluoch alirudi akipiga kelele tangu barabarani: "Hatuna kesi! Tumeshinda!" Vigelegele vikapigwa, mbuzi akachinjwa. Wanafunzi waliporudi siku ya Alhamisi, Mama Getruda aliwapokea na mwiko mkononi: "Wanangu, kesi imekwisha. Poleni, mmeshindwa. Haya kaeni mle."

Bwana Alexander alicheka, kisha akatuelewesha. Kesi ya darasani ni habari ya kweli ya biashara au jengo la watu. Wanafunzi wanaisoma na kujiuliza: ningekuwa mimi, ningefanyaje? Haina mshtaki, haina hakimu, na hakuna anayehukumiwa. Tukaridhika. Maneno hayo yaweke akilini, mgeni rasmi, maana tutayarudia.

MAFANIKIO

Mafanikio ni mengi, ingawa mengi ni ya kwenu. Tumehojiwa na makundi ishirini na saba. Walituuliza kama tuna dira, tukawaelekeza kwa nahodha wa pantoni. Walituuliza vitisho vya biashara yetu, tukataja mgambo na kiboko mmoja wa kwenye matete. Wao wakaandika "ushindani". Mama Getruda naye kaelimika, siku hizi akitaka kitunguu kikatwe anasema, "Hebu sogezeni huo mnyororo wa thamani."

Upande wa usanifu, banda letu limechorwa mara kumi na nne. Mchoro mmoja una ghorofa: sufuria chini, walaji juu, na katikati ngazi nyembamba ya kupanda na ugali wa moto. Mwingine una kioo kikubwa cha kutazamia ziwa, mzuri kweli, ila hauna pa kutokea moshi. Tulipouliza, mchoraji akasema moshi utashughulikiwa awamu ya pili.

Upo pia ule mfano wa maboksi uliopo ofisini kwako. Tuliuona siku ya maonyesho. Mama Getruda alijitafuta humo, akaonyeshwa njiti ya kiberiti iliyosimama mlangoni. Akasema, "Ndiye mimi kabisa, nimekonda tu." Mfano ule umeezekwa vizuri. Sisi wenyewe tuna hili turubai lenye matobo saba.

Mafanikio yetu hasa ni haya. Daraja lilipofunguliwa, foleni ilikwisha. Daraja hatulilaumu hata kidogo, wagonjwa wetu wanavuka bila kungoja. Ila sufuria zilibaki zimejaa. Ndipo alipokuja Mama Manjula, mwenye duka la jumla mjini, ambaye ukoo wao umeuza mchele Mwanza tangu enzi za babu zao. Alishusha magunia yetu, akatazama kivuko kitupu, akasema, "Getruda, watu wamehama. Wewe unangoja nini? Beba sufuria!"

Hakuchora mshale hata mmoja kama wanafunzi wenu. Siku ya tatu tulikuwa hapa tulipo, penye maegesho ya malori kabla ya kupanda darajani. Madereva hawangoji pantoni tena, lakini matumbo bado wanayo.

CHANGAMOTO

Wiki ileile wanafunzi walikwenda kivukoni kukamilisha kesi yao, wakakuta majivu. Wakaandika walichokiona. Njaa ikawauma, wakapita hapa kula, na mmoja akamuuliza Mama Getruda, "Samahani mama, hivi yule Mama G. wa kivukoni alipotelea wapi?" Jamani! Mama Getruda akadhani anataniwa. Akamjibu, "Kula kwanza mwanangu, samaki anapoa."

Kitabu kikatoka. Kesi Namba Nne inaitwa "Kuanguka kwa Mama G.", na mstari wake wa mwisho unasema: "Baada ya daraja kufunguliwa, Mama G. na wenzake hawakuonekana tena." Mtihani ukauliza angefanya nini asianguke. Binti Sheetal, mjukuu wa Mama Manjula, anayesoma chuoni kwako, aliandika: "Hakuanguka. Alihama. Jana nimekula kwake." Alipewa sifuri, na pembeni kukaandikwa kwa wino mwekundu: "Jibu liko nje ya kesi."

Tulicheka, mgeni rasmi. Tulicheka mpaka Ijumaa iliyopita, tulipoletewa barua ya chuo chako. Inasema kiwanja hiki mmegawiwa, hakina watu, na "vitu vilivyotelekezwa" viondolewe ifikapo Jumatatu ijayo ili ujenzi uanze. Tumetafuta, na vitu vilivyotelekezwa ni mafiga ya Mama Getruda. Yamesomesha watoto wanne na sasa yanasomesha wajukuu wawili. Akitolewa hapa hana pengine pa kupikia, kwa kuwa barabara yote iliyobaki malori hayasimami.

Siku ile Mama Getruda alichukua sufuria iliyokuwa imeshaoshwa, akaiosha tena. Imetuuma sana, hatufichi. Tuliambiwa kesi hii haina hakimu. Kumbe hukumu ilishaandikwa, ila hatukuitwa kuisikiliza.

MAOMBI

Kwanza, tunaomba ule kabla ya kuweka jiwe. Wali na sato vinaiva hapo nyuma ya kitambaa cha bluu, kwenye vitu vilivyotelekezwa. Ukianza na jiwe, chakula hakuna.

Binti Sheetal naye arudishiwe maksi zake. Darasa zima, ni yeye aliyefungua macho.

Ombi kubwa ni hili. Darasa hatulikatai, lijengeni, hata lile la ghorofa. Lakini kama mnataka banda linalofanana na letu, kwa nini mlivunje lenyewe? Liezekeni hili, wekeni bomba la moshi awamu ya kwanza, wanafunzi wakae pembeni watuone tukipika. Wakitaka kuuliza wataulizia hapohapo, na wakikosea tutawasahihisha. Tunaomba utuandikie hivyo kabla ya Jumatatu, uweke na mhuri. Mafiga huwa matatu, mgeni rasmi. Hilo jiwe la nne hatujui la kuinjika nini.

HITIMISHO

Tunakushukuru kwa kutusikiliza. Wabeja sana, erokamano. Mungu akupe afya, akupe na hamu ya kula leo. Tulipokisoma kitabu chenu tulikaa kikao, tukabadili jina la kikundi, na hakuna mjumbe aliyepinga.

Baba Oluoch ameniomba niongeze neno moja. Lile koti la harusi limeshapigwa pasi. Njia ya mahakamani anaijua, na safari hii karani hatamwambia hatuna kesi.

Ni sisi wapishi wa Kigongo,
Kikundi cha TUPO.