Mwalimu Marzuk na Ngazi za Basra

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu.

Marehemu Mwalimu Marzuk Farhan Jumaa alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 katika mji wa Zubair, kando ya Basra, kusini mwa Iraki. Baba yake, Mzee Farhan, alikuwa mpakizi wa tende. Mama yake, Bi Shukria, aliwasomesha Kurani wasichana wa mtaa sebuleni kwake. Walikuwa watu weusi wa Basra, na bibi yake alimsimulia kwamba wazee wao walitolewa Afrika ya Mashariki, tena si kwa hiari yao.

Alisoma shule ya msingi Zubair na sekondari mjini Basra, kisha chuo cha ualimu, akahitimu mwaka 1979. Alifundisha historia kwa miaka kumi na miwili. Mwezi Machi 1991 ulipozuka msukosuko, jina lake lilikuwa miongoni mwa waliotafutwa. Alitolewa nyumbani kwao amezungushiwa zulia, akapakiwa kwenye lori chini ya magunia ya vitunguu. Mama yake alisimama mlangoni asiweze hata kumuaga, maana zulia haliagwi. Hakumwona tena. Bi Shukria alifariki mwaka 1998, na mwanawe hakuweza kwenda. Kwanza ilikuwa hofu, halafu vita, na njia ilipofunguka, mapafu yakawa yameanza kumsumbua.

Alifika Stockholm mwezi Novemba 1993. Vyeti vyake vya ualimu havikumpa darasa. Aliosha mabasi kwenye gereji, baadaye akafanya kazi jikoni shuleni hadi alipostaafu mwaka 2021. Hata hivyo hakuna aliyemwita kwa jina lingine ila Mwalimu.

Kiswahili alikifuata mwenyewe. Alisikia kwamba kuna watu wanaokutana Jumapili mtaani Norsborg, kutoka Kenya, Tanzania, Kongo na Burundi, akaja akakaa nyuma, akisikiliza lugha ambayo huenda bibi wa bibi yake aliizungumza. Hapo ndipo alipomwona Bi Mwamini, mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura, aliyekuwa akigawa chai. Alimwomba kikombe kwa Kiswahili kibovu, akapewa. Akarudi mara ya pili, akapewa. Mara ya tatu Bi Mwamini alimuuliza kama kwao hakuna maji. Walifunga ndoa tarehe 22 Juni 1996, na Mwenyezi Mungu akawajalia Isra na Jabir.

Waliishi Norsborg, ghorofa ya sita. Watoto walipokuwa wadogo na lifti ikigoma, walikuwa wanalia kupanda ngazi. Basi Mwalimu akazigawa. Kila ghorofa akaiita kituo, na kila kituo akakipa mtu wa Basra, kwa kufuata zama. Mlango wa chini ulikuwa Basra yenyewe, siku ilipoanzishwa na Utba bin Ghazwan. Ghorofa ya kwanza ilikuwa ya Hasan, mhubiri aliyewaliza watawala. Ya pili ya Bibi Rabia, aliyesali usiku kucha kwa mapenzi ya Mola wake. Ya nne ya Ibn al-Haytham, mtaalamu wa nuru, ambaye inasimuliwa alifungiwa nyumbani kule Kairo miaka mingi. Ya tano aliiweka kwa mama yake, Bi Shukria, na hakuomba ruhusa ya mtu.

Majina yalienea jengo zima. Laurentine, jirani Mkongo wa ghorofa ya pili, akipigiwa simu alijibu kwamba yuko kwa Rabia, atapiga baadaye. Mzee Owuor wa ghorofa ya tatu ndiye aliyelalamika, kwa sababu kituo chake hakikuwa na jina. Mwalimu alimweleza kwamba hapo wanakaa Wazanji, watumwa waliokwangua chumvi kwenye mabwawa ya Basra mpaka wakaasi, na majina ya wengi wao hayakuandikwa.

"Kwa hiyo mimi nimepangishwa na watu wasiojulikana," alisema Mzee Owuor.

"Ni babu zangu, jirani, na huenda ni zako pia. Ukitoka asubuhi wasalimie."

Na alikuwa akiwasalimia. Ghorofa ya sita tu ndiyo iliyobaki bila mtu wake. Isra alipomuuliza ni ya nani, baba yake alimjibu kwa kifupi: "Huyo bado hajatoka."

Mwaka 2022 madaktari walimwambia kwamba mapafu yake yanageuka makovu. Alianza kuishi na mashine ya oksijeni. Septemba 2024 wenye jengo wakaifunga lifti ili waweke mpya, wakaahidi wiki chache. Wiki zikapita, vifaa havikuja. Mwalimu akawa mtu wa dirishani. Aliwaona watu wanaelekea stesheni, akarudi kwenye kiti. Alimwambia shemeji yake, mdogo wa Bi Mwamini, anayeyasoma haya leo, kwamba amewahi kufungiwa na serikali, na amewahi kufungiwa na vita, lakini hakutegemea kufungiwa na kamba za lifti.

Ndoa ya Isra na Noah, kijana wa Husby, ilikuwa imepangwa Jumamosi tarehe 7 Desemba, katika ukumbi wa Hallunda, mtaa wa jirani. Walii wake, mwenye haki ya kumwoza, alikuwa baba yake. Vijana walikuja na kiti, wakasema watamshusha kama sultani. Mwalimu alikataa.

"Kwetu nilitolewa nimebebwa," alisema. "Humu nitatoka kwa miguu. Kubebwa kumebaki kumoja."

Sheikh alishauri ampe mtu uwakala. Akakataa hilo pia. Bi Mwamini alimwambia, "Baba Isra, umetoa uwakala hata wa kununua maziwa, huu unakushinda nini?" Alisema yeye aliondoka kwa mama yake bila kusema neno, hawezi kumwacha binti yake aondoke vivyo hivyo.

Siku hiyo alivaa kanzu nyeupe, akatoka na mtungi mdogo wa oksijeni. Alipumzika sana kwa mama yake, ghorofa ya tano. Alipofika kwa Ibn al-Haytham, ghorofa ya nne, pumzi ilimwishia, akakaa kwenye ngazi, midomo imebadilika rangi. Hakuweza kushuka wala kupanda. Shemeji yake akapiga simu ukumbini, na baada ya muda zikasikika nyayo. Sheikh, mashahidi, bwana harusi, Isra mwenye hina mikononi, wote walikuwa wanapanda. Mzee Owuor, Mkristo, alipanda na kiti kutoka kwake, kikakaliwa na sheikh.

Ndoa ilifungwa pale kwenye ngazi. Taa za jengo lile hujizima zenyewe, na Mwalimu alipoanza kutamka zikazimika. Hakuna aliyethubutu kubonyeza. Dirisha dogo la kituo kile lilikuwa na mwanga wa theluji, ukamwangukia usoni.

"Noah," alisema, akavuta pumzi, "nimekuoza binti yangu Isra."

"Nimekubali kumuoa."

Kisha akamgeukia Isra, akamuaga kwa maneno mengi ya Kiarabu, taratibu, mpaka akamaliza. Ilimchukua jioni nzima kurudi juu. Hakushuka tena.

Mwalimu Marzuk alifariki nyumbani alfajiri ya Alhamisi, tarehe 9 Januari 2025, akiwa na umri wa miaka 67, shahada mdomoni na mkono wake ndani ya mkono wa mkewe. Lifti ilikuwa bado imefungwa. Alibebwa kwa ngazi na Noah, Jabir, shemeji yake na Mzee Owuor, na watu wa mazishi wakawaongoza. Isra alitangulia. Kabla hawajashuka aliweka kiganja ukutani, ghorofa ya sita, akasema: "Kituo cha Marzuk bin Farhan." Chini yake akawasimamisha kwa bibi yake, kisha penye ndoa yake. Kwenye ghorofa ya tatu Mzee Owuor aliwasalimia wenyeji kama kawaida yake. Laurentine alisimama mlangoni kwa Rabia akisali kwa Kifaransa. Wakapita kwa Hasan. Mlango wa chini ulikuwa wazi na baridi ikiingia, na Isra akasema, "Basra, baba."

Ameacha mjane, Bi Mwamini, watoto wake Isra na Jabir, mkwewe Noah, dada yake Badria aliyeko Zubair, shemeji, majirani na wanafunzi wa miji miwili. Mwenyezi Mungu amsamehe, na ampanulie kaburi lake.

Ametoka. Apumzike kwa amani.