Sista Anyesi, Mkunga wa Waliowahi Kupasuliwa

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo asubuhi hii, jikoni, ofisini au shambani, naomba mnipe masikio kidogo. Wiki hii mtaa wetu wa Miyuji umemzika mkunga. Jina lake Anyesi Mazengo. Wengi mlimwita Sista Anyesi. Aliugua figo kwa muda mrefu, na Jumanne alifariki dunia nyumbani kwake, mwanawe Abeli akiwa pembeni.

Alikuwa mkunga. Alizalisha vijijini, akazalisha na hapa mjini. Lakini kuna akina mama waliomtafuta kwa jambo moja hasa. Ni wale ambao mtoto wao wa kwanza alitoka kwa upasuaji, sasa wana mimba nyingine, na wanataka kujua: safari hii naweza kuzaa kawaida?

Sista Anyesi alizaliwa Kongwa, kwa wakulima wa mtama na karanga. Alikuwa na mdogo wake, Angelina. Angelina alipasuliwa kwenye uzazi wa kwanza. Mimba ya pili ilipokuja, majirani wakamtisha kwamba akienda hospitali atakatwa tena. Akabaki nyumbani. Uchungu ukashika, kovu la ndani likaachia. Alifia kwenye gari, njiani kuelekea hospitali. Mtoto naye hakupona.

Abeli anasema mama yake hakupenda kuizungumzia siku hiyo. "Aliniambia mara moja tu," anasema. "Alisema, mdogo wangu hakuwa mkaidi. Alikuwa na hofu, na hakuna aliyekaa naye akamuuliza anahofia nini."

Basi yeye akaanza kukaa na akina mama wenye hofu hiyo.

Debora ni mwalimu wa shule ya msingi, Kongwa. Mtoto wake wa kwanza alitanguliza matako, akapasuliwa. Kidonda kilimsumbua, na nyumbani mama mkwe wake, Bi Evodia, alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu hajazaa, huyu alizalishwa na kisu." Mimba ya pili ilipofika, Debora akaja mjini kwa Sista Anyesi.

"Shikamoo Sista. Nataka kuzaa kawaida."

"Marahaba mwanangu. Unataka wewe, au ni mdomo wa mama mkwe?"

Debora akajibu, "Vyote viwili."

"Hapo sawa. Tuanze na chako."

Wakaanza. Sista alimpeleka kwa daktari, ikaangaliwa alipasuliwaje mara ya kwanza, na mimba zimepishana muda gani. Daktari akasema inawezekana kujaribu. Ndipo Sista akaweka masharti yake. Hutazalia nyumbani. Hutazalia zahanati. Utazalia hospitali yenye chumba cha upasuaji. Mimba ikikaribia kutimia, utahamia mjini kwa shangazi yako. Na hakuna dawa ya kienyeji ya kuongeza uchungu, hata tone. Kisha akamwambia jambo ambalo Debora hakulipenda: "Tunapanga njia mbili. Ya kawaida, na ya upasuaji. Zote tunazijua mapema."

Akaomba pia aletewe mama mkwe. Bi Evodia akaja, uso umekunjamana. Sista akamsalimia kwa Kigogo, akamketisha, akachukua gunia la mahindi lililoshonwa ubavuni. "Mama, hili ukilijaza taratibu, mshono unashika. Ukilishindilia kwa nguvu, je?" Bi Evodia akasema, "Litachanika." Sista akasema, "Dawa zetu za kienyeji zinashindilia hivyo hivyo."

Siku ikafika. Uchungu ulianza asubuhi, Debora akapelekwa hospitali, na Sista Anyesi, ambaye wakati huo alikuwa ameshastaafu, akaruhusiwa kukaa naye. Alimtembeza, akamsugua mgongo. Wakunga wa zamu walisikiliza mapigo ya moyo ya mtoto kila baada ya muda mfupi. Mchana, njia ikaacha kufunguka. Nje, Bi Evodia alikuwa ameshika chupa ya chai. Sista alipotoka kumpa habari, bibi yule akamnyooshea chupa.

"Hii si chai, ni dawa ya uchungu," akasema. "Nilitaka umpe anywe, amalize."

Sista akaichukua ile chupa, akaimwaga kwenye karo. Hakumgombeza. Akamwambia, "Asante kwa kuniambia. Sasa njoo umshike mkono, anakuhitaji."

Baadaye kidogo mapigo ya mtoto yakashuka. Daktari akaitwa. Sista Anyesi akainama karibu na Debora.

"Mwanangu, ile njia ya kwanza tumeijaribu. Sasa tunakwenda ya pili."

"Sista, uliniahidi."

"Nilikuahidi sitakuacha. Siondoki."

Debora anasema alilia, na alimkasirikia. Lakini akaweka saini yake, na akaingia chumba cha upasuaji akijua kila kitu kitakachofanyika. Mtoto wa kike akatoka mzima. Daktari aliwaambia baadaye kwamba kovu lilikuwa limeanza kuwa jembamba. Wangesubiri zaidi, au ingenywewa ile chupa, habari ingekuwa nyingine.

Wasikilizaji wapendwa, wapo wengi waliopanga na Sista Anyesi wakazaa kawaida. Wengine wananisikia sasa hivi. Lakini nilipomuuliza Debora kwa nini anataka kisa chake kisimuliwe, yeye ambaye hakupata alichokitaka, alisema hivi: "Uzazi wa kwanza nilihisi nimefanyiwa kitu. Wa pili nilihisi nimezaa. Na nilipasuliwa vilevile."

Bi Evodia alikuja kwenye maziko, kutoka Kongwa. Waliomwona wanasema alimbeba mjukuu wake mgongoni mchana kutwa, akakataa kupokewa.

Kwako Abeli, na ukoo wote wa Mazengo, poleni sana. Poleni wakunga wenzake, na akina mama wote mliopita mikononi mwake. Mwenyezi Mungu ampumzishe kwa amani.

Nasi tuliobaki, tutafakari. Kama nyumbani kwako kuna mjamzito aliyewahi kupasuliwa, mpeleke kliniki mapema, apange na wataalamu. Na ukienda kumpa hongera mzazi, usimuulize mtoto ametoka kwa njia gani. Muulize kama amekula.