Mguu wa Boti ya Wagonjwa

Mwangaluka, wazazi wangu. Mwangaluka, jumuiya yote. Naona akina mama wa mbele mnanong'onezana kwamba leo fundi amevaa shati jeupe. Chekeni tu. Nimesimama kwa hiari yangu, na nisiposema leo sitasema tena.

Mnanijua kwa sababu ya boti ya wagonjwa, ile inayowachukua watu visiwani na vijiji vya mwambao kuwaleta zahanati. Nikipita mnasema, "Fundi wa boti huyo." Ndugu zangu, nawaambia ukweli: boti ile niliiua mimi, kabla sijaifufua.

Mimi ni mzaliwa wa Kishapu. Kwetu maji tunayafukua mchangani, hatuelei juu yake. Ufundi nilijifunzia gereji ya malori karibu na Mwadui, kisha nikatengeneza matrekta na mashine za kuchambulia pamba. Nilipohamia huku Geita kwa wakwe zangu, sifa zilikuwa zimenitangulia. Basi sista muuguzi wa zahanati akaniita ufukoni.

Injini ya boti ile imekaa ndani, upande wa nyuma. Nje unaning'inia mguu wa chuma unaozama majini. Ndani yake kuna gia, na chini kabisa kuna propela. Mguu ulikuwa unalia.

"Fundi, kitu hiki unakifahamu?"

"Sista, chuma ni chuma," nikamjibu.

Sikukifahamu! Sikuwahi hata kukiona. Lakini watu walikuwa wamesimama pale, na ulimi wangu haukuzoea kusema "sijui". Nikafungua mguu kama anayepukuchua mahindi. Sikutia alama, sikupanga vitu kwa mfuatano. Nilipoufunga, mkononi zikabaki pete mbili za chuma, nyembamba kama karatasi. Kila fundi aliyeketi hapa anajua moyo unavyofanya ukibakiwa na kitu. Nilitazama huku na huku, nikazitupa majanini.

Boti ikaenda safari mbili vizuri. Ya tatu ilimbeba mama mwenye uchungu. Katikati ya maji, mguu ukapiga kelele moja, propela ikasimama. Walipiga makasia kwa mbao za sakafu tangu asubuhi hadi jua la saa tisa. Mtoto alizaliwa humo humo. Mungu ni mwema, wote wawili wako hai, ila yule mama alipoteza damu nyingi na alilala kitandani muda mrefu.

Kamati ikakaa. Wakasema nahodha amegonga mwamba. Nahodha alikuwa mzee wa Kizinza, mtu wa maneno machache. Alisimama akasema, "Tangu ujana wangu naendesha boti katika ziwa hili. Sikugonga mwamba." Hakuna aliyemsadiki. Wakamwachisha kazi. Nami nilikuwa kwenye benchi lilelile, nikitazama viatu vyangu.

Hapo ndipo nilipoanguka, jamani, siyo kwenye gia. Niliondoka hapa nikamwacha mke wangu na maswali, nikaenda kwa wachimbaji upande wa Bugarama. Mchana gongo, jioni gongo. Waliniletea pampu ya kutoa maji shimoni, nikashindwa hata kufungua bolti. Mimi, niliyefungua injini za matrekta nikiwa naimba!

Siku moja akaja kuchimba kijana mmoja wa mwambao. Hakunijua. Tulipokuwa tunakula ugali, akaanza kusimulia: boti ya wagonjwa imelala mchangani, mama yake walimbeba kwa machela siku nzima, alifika akiwa hajitambui.

"Na nahodha wao?" nikamuuliza.

"Yule mzee? Anasuka kamba anauza. Watoto wa shule wanamwita Mwamba."

Tonge nililirudisha sahanini. Niliinuka nikaenda zangu, sikuaga mtu. Siku ya tatu nilifika hapa nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope, nikaenda moja kwa moja kwa mzee yule.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Hukugonga mwamba. Nilibakiza vipande viwili nikavitupa. Gia zilikosa nafasi yake, zikatafunana."

Aliendelea kusuka kamba yake. Nilidhani hajasikia. Kisha akasema, "Maneno hayo umeyaleta kwenye masikio yasiyoyahitaji. Mimi nilikuwa najua. Yapeleke kwa wasiojua."

Nikaenda. Mbele ya kamati, mbele ya sista, nikasema yote. Wengine walitaka nifukuzwe kijijini. Sista akasema, "Msamaha utaupata kwa Mungu. Mimi nataka boti." Na yule mzee, aliyekuwa amesimama mlangoni, akatoa sharti lake: "Ataufungua mbele yangu. Kila anachokitoa, aniambie jina lake na kazi yake."

Basi tukaanza. Watu wanne walisaidia kuutoa mguu, tukaulaza juu ya magunia. Nilimwaga mafuta, yalitoka meupe kama chai ya maziwa kwa maji yaliyoingia, yamejaa vipande vya meno ya gia. Nyuma ya propela, nyuzi za nyavu zilikuwa zimejisokota na kuikata sili, ile pete ya mpira inayozuia maji. Kila nilichotoa nilikitia alama kwa msumari na kukipanga kwenye shuka kwa mfuatano wake. Mzee anauliza, "Hiki?" Najibu. "Na hiki?" Nikafika kwenye kipande kimoja, nikakigeuzageuza.

"Hicho sijui, mzee."

"Alaa!" akasema. "Sasa tunafanya kazi."

Miaka ile vipuri vilikuwa ndoto. Lakini kwenye stoo ya zahanati kulikuwa na mguu mwingine wa aina hiyohiyo, wa boti ya zamani iliyooza. Tuliufungua huo pia, tukasoma mmoja kwa kutazama mwingine. Gia zake zilikuwa nzima, na sili yake ilionekana bado laini. Pete nyembamba zilikuwa zimeliwa na kutu, nikakata mpya kwenye kopo la maziwa ya unga. Nilipaka meno ya gia masizi yaliyochanganywa na mafuta, nazungusha, natazama yanapogusana. Yakigusana pembeni, natoa, naongeza pete. Nilirudia mpaka nikaacha kuhesabu. Siku ya nne alama ya masizi ilikaa katikati ya jino. Mzee akavaa miwani, akainama, akasema, "Hapo."

Tukaufunga. Tukauzamisha kwenye pipa la maji, tukajaza upepo kwa pampu ya baiskeli. Mapovu yakatoka! Sili ilikuwa imechoka. Zamani ningesema ni kidogo tu, itavumilia. Nilifungua tena. Sista alituma watu hadi Mwanza kutafuta sili nyingine, tukasubiri wiki nzima. Tulipozamisha mara ya pili, maji yalitulia tuli.

Siku ya kuishusha ziwani nyote mlikuwapo. Mzee alishika tena usukani wake, injini ikanguruma, akaingiza gia, na mguu haukulia hata kidogo. Boti ilikata maji ikazunguka mara mbili mbele yetu, akina mama mkapiga vigelegele mpaka ng'ombe wakakimbia. Mzee hakurudi ufukoni. Aliinyosha boti moja kwa moja kwenda kisiwani, kulikokuwa na mgonjwa anasubiri. Nilikaa mchangani nikalia mbele ya watu, wala sikuona haya.

Wabeja sana, mzee wangu, kwa kunifundisha huku ukiwa na haki ya kunichukia. Wabeja, sista. Wabeja, mke wangu, uliyenifungulia mlango. Na wewe mama uliyejifungulia majini, uliyekuja mwenyewe nyumbani kwangu ukanipa mtoto nimshike, sina neno la kukutosha.

Ndugu zangu, "sijui" haimwaibishi mtu. Kinachomwaibisha ni kumwacha mwenzake abebe kosa lake. Kama kuna aliyebebeshwa mzigo wako, usiimalize wiki hii bila kumwona. Mwendee. Na asipokujibu, baki hapo hapo mpaka aache kusuka.