Maji Niliyompa kwa Uso Uliokunjwa

Bwana asifiwe. Itikieni polepole tu, mimi mwenyewe leo sina nguvu ya kupaza sauti. Nimepika, nimefua, nimechota maji, ndiyo nikaja.

Ndugu zangu, wengi wenu mnanijua kama mtu wa mbuzi. Miaka ya sabini nilikuwa nawanunua Oldonyiro, nawaswaga kwa mguu mpaka soko la Isiolo. Nikirudi nyumbani Burat nakuta chai, maji ya kuoga, chakula. Sikuwahi kuuliza vinatoka wapi. Halafu mama watoto akaanguka na mzigo wa kuni, kiuno kikakataa. Binti zetu walikuwa wameolewa mbali. Tukabaki wawili.

Kwetu Wameru, mnajua, maji ni ya mwanamke: mtungi mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Mimi nikasema kamba sivai. Nikawa nabeba ndoo mkononi. Maji yanamwagika njiani, nafika na nusu, narudi tena mtoni. Jamaa wa sokoni wananiuliza, "Mzee, siku hizi umeolewa?" Wacheni tu. Nilikuwa nafika nyumbani nimejaa hasira mpaka hapa kooni.

Lakini kazi nilifanya! Nilimlisha, nilimwogesha, nilimpeleka choo akiniegemea. Sikumtukana. Ila ndoo niliitua kwa kishindo, na akiniita nilikuwa nashusha pumzi kwanza, ili asikie. Nilidhani Mungu anaangalia kazi peke yake.

Kiangazi kikawa kikali. Mama watoto akakonda, midomo ikapasuka, akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka. Nikamkodia mkokoteni wa punda mpaka zahanati. Nesi, mama mmoja wa Kiborana, akamwekea maji ya mshipa. Alipopata fahamu vizuri, nesi akaniuliza kwa ukali, "Huyu humpi maji?"

Nikasema nampa, kikombe kiko karibu na kichwa chake kila siku. Akamgeukia. "Mama, kwa nini hunywi?"

Mke wangu akafumba macho. "Nikinywa nitataka kwenda choo. Na nikimwita huyu mzee, ataguna. Afadhali kiu."

Nawaambia, nilitoka nje nikalia. Nilikuwa karibu kumuua kwa kiu, na maji yapo nyumbani.

Tuliporudi, nilienda kwa mama mmoja wa kanisa hili nikamwambia, "Nifunge kamba." Hakucheka. Akanifunga, akanionyesha namna ya kuinama. Jamaa wa sokoni walicheka wakachoka. Mtungi ukafika umejaa. Hasira ilipungua, sitawadanganya kwamba iliisha. Kuna asubuhi naomba nikiwa njiani: "Bwana, nitengenezee huu uso kabla sijafika mlangoni."

Asante nesi yule. Asante mama wa kamba, na nyinyi mliotuletea uji bila kuulizwa. Kiuno cha mama watoto hakijarudi, na mimi nimechoka, nimechoka kabisa. Lakini siku hizi ananiita. Jana nilikuwa ndiyo nakaa chini, akasema, "Mzee, niongezee maji." Nikasimama.

Wenye ndoa, sina mengi. Mkifika nyumbani leo, msijisifu kwa kazi mliyofanya. Muulizeni mwenzenu ni kitu gani anaogopa kuwaomba.